Kamba wa Dakika Ishirini na Mlango Wangu wa Jikoni

Mpendwa Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni,

Salamu kwa jina la Mwenyezi Mungu, na pole na kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo nikikosea adabu nisamehe. Naandika kuhusu wale kamba wa kuokwa na jibini juu uliowatoa mwezi uliopita, ukasema wanaiva kwa dakika ishirini. Umenivurugia nyumba.

1. Mume wangu ni fundi saa. Kwa miaka ishirini na miwili amejua kamba ni chakula cha saa mbili na nusu. Sikumdanganya, hakuwahi kuuliza. Ijumaa alisoma ukurasa wako kwa kinyozi, akaja akasimama jikoni na saa mkononi: "Mama watoto, dakika ya kumi na tisa hii. Mbona jibini bado nyeupe?"

2. Unasema tununue kamba waliokwisha kumenywa. Mhariri, mimi nasali nikimenya. Kila kamba mtu mmoja: huyu wa mama mkwe na magoti yake, huyu wa wifi apate mtoto, kale kadogo ka jirani mwenye redio. Nusu kilo inamaliza ukoo na mtaa. Sasa pakiti inafunguliwa, wote wanatumbukia bakulini bila kuombewa. Shemeji yangu, fundi wa kupaka rangi, kaanguka kwenye ngazi. Sisemi ni wewe. Nasema tu alianguka Jumanne, na pakiti tulifungua Jumatatu.

3. Jibini inafunika. Zamani kila mtu aliwaona kamba wake sahanini. Sasa mama mkwe anachokonoa kwa uma na kuuliza, "Huku chini kuna watu kweli?"

4. Hili ndilo linaloniuma. Saa zile mbili na nusu mlango wa jikoni ulifungwa, na hakuna aliyeniita. Sikuwa na saa nyingine za peke yangu. Sasa fundi ananiambia, "Kama ni dakika ishirini, zinazobaki si utanishonea vifungo?"

Kwa hiyo naomba uchapishe masahihisho: dakika ishirini ni kosa la mtambo, kamba wawe na maganda, na mapishi yote ya haraka yasimame mpaka viongozi wa dini wayapitie.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa anayepiga picha za vyakula, Mungu amwongoze.

Ni mimi dada yako katika imani,
Mke wa Fundi Saa

Nyongeza: Nilipokwenda kutafuta bahasha, fundi akaisoma barua hii mezani. Alitoka, akarudi na nusu kilo ya kamba wenye maganda, akafunga mlango wa jikoni yeye akiwa ndani, akavuta kigoda. Akachukua wa kwanza: "Huyu wa nani?" Tumemenya kwa saa tatu nzima, maana ana watu wengi kuliko mimi, na saa yake aliisahau kabatini. Masahihisho yaache. Ukishamaliza kumenya, dakika zako ishirini ziko sawa kabisa. Kamba wa mwisho tulimmenya kwa ajili yako.