Uzinduzi wa Ngazi ya Kushukia Ghubani

Mheshimiwa mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi, mheshimiwa katibu wangu, waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo ya kamati kuu ya kamati ya maandalizi, mama mkwe wangu mpendwa, shikamoo mama (Mama mkwe, kiti cha mbele: "Marahaba, baba."), wageni mlioacha vitanda vya hoteli, wenye vibanda vya soda, pamoja na shakwe wote waliotua kwenye miamba hii bila mwaliko, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Shakwe mmoja anapiga kelele.)

Ndugu zangu, ghuba hii mnayoiona kule chini, yenye miamba iliyochongoka, pomboo wanaorukaruka na kasa wanaoibuka kuvuta pumzi, ilikuwa ukiwa mtupu mpaka siku nilipopita mimi, kioo cha gari kikiwa kimefungwa, nikasema hapana, hapa panataka projekti! (Katibu anapiga makofi peke yake.) Ndipo ofisi yangu, kwa kushirikiana na ofisi yangu, ikafanya upembuzi yakinifu, tathmini ya kimkakati na semina elekezi, zote zenye chai na vitafunio, tukabaini kwamba asilimia mia moja na kumi ya wageni wanataka kushuka kuwaona wanyama kwa karibu, na waliobaki bado wanajifikiria. (Vicheko. Mheshimiwa anainamisha kichwa kushukuru.)

Na kabla yangu kulikuwa na nini? Ngazi ya kamba! Tena ya kusukwa kwa mkono, mali ya yule mama pale mnayemwita Bi Kamba, aliyekuwa akiwashusha wageni, anawaonyesha kasa na viota vya ndege, halafu jioni anapita dukani kununua unga. Aibu iliyoje, katika zama hizi za dijitali! Nikaamuru ngazi ile ikamatwe kwa usalama wa umma, na tangu hapo, nasema kwa kifua mbele, hakuna mgeni hata mmoja aliyeanguka.

("Ataangukaje na hakuna aliyeshuka?" anapaza sauti Bi Kamba. "Nirudishie ngazi yangu, mheshimiwa! Wanangu wale semina?" Makofi marefu kuliko yote.)

Asante mama, mchango wako tumeupokea na tutauundia kamati. Leo, ndugu zangu, nazindua ngazi ya zege, ngazi shirikishi, jumuishi na endelevu, yenye vyuma vya kushikilia, taa za sola na mabenchi ya kupumzikia, kiasi kwamba hata bibi mwenye magoti mabovu atateremka huku anatafuna karanga! (Mama mkwe anavua viatu.) Mkasi tafadhali.

(Anakata utepe. Utepe unapeperuka, unashuka mwamba wote kuelekea ghubani, unachelewa kufika chini. Watu wanasogea kuchungulia.)

("Baba," anauliza mama mkwe, "ngazi yenyewe iko wapi?")

Mama, ngazi ipo. Ipo katika feizi, yaani awamu, ya dhana. Nikisema "Ghuba yetu," itikieni "Ngazi yetu!" Ghuba yetu! (Watu bado wanachungulia chini.) Ghuba yetu, jamani! ("Ngazi yake!" wanaitikia wote, wakimwonyesha Bi Kamba.)

Basi, kwa kumalizia, namshukuru mkandarasi ambaye tutampata, na mchoraji wa ramani atakayeichora. Namshukuru mama mkwe wangu, aliyesafiri kutwa nzima kwa sababu nilimwahidi kumwonyesha kasa, na namjua, bila kasa haondoki, atahamia kwangu. Kwa hiyo dereva, fungua buti. Ile ngazi iliyokamatwa, mpe mwenyewe. Bi Kamba, dada yangu, njoo uifunge pale unapopajua.

("Nikiifunga haitoki tena, mheshimiwa.")

Haitoki.

("Sema kwenye kipaza sauti.")

HAITOKI! (Vigelegele. Bi Kamba anakaza mafundo. Mama mkwe anasogea ukingoni, anachungulia, anarudi nyuma hatua moja: "Tangulia wewe, baba.")

Mimi? Haya. Katibu, nishikie koti. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na wewe Bi Kamba, nakuomba, usiniachie.