Suti ya Kocha, Miguu ya Mchezaji

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mimi ni kocha! Naandika tena ili kalamu izoee: mimi, Zéphirin, kocha wa FC Radi ya Kamalondo.

Maman Victorine, présidente wa klabu yetu, aliniita asubuhi dukani kwake, katikati ya mabunda ya vitenge. Kocha wa zamani amekimbilia Kolwezi, hakuaga hata mlinzi wa uwanja. Maman akasema wiki hii nishike timu mimi. Jumapili tunacheza na FC Nyuki ya Katuba. Nikishinda, timu ni yangu msimu mzima. Nikishindwa, anampa Caleb.

Caleb ni kocha msaidizi. Kijana mdogo, ana diploma, ana firimbi mbili shingoni. Mbili! Na mdomo ni mmoja.

Mimi nina nini? Nina miaka kumi na sita ya uwanja, goti bovu, na mguu wa kushoto uliotikisa nyavu za mji huu. Wiki iliyopita nilipovua jezi kwa mara ya mwisho nilijifungia chooni nikalia, bomba nimelifungua ili wasinisikie. Basi. Kilio kimekwisha. Leo nimekwenda kwa fundi, nimepimwa suti ya bluu. Kisha nikajizoeza mbele ya kioo kusimama kikocha: mikono imekunjwa kifuani, uso mkali. Mke wangu Deborah akachungulia mlangoni, akaniita kwa jina la mtoto wetu. « Papa Keren, tumbo iko inakuuma? »

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi ya kwanza. Mafanikio makubwa!

Nimewafundisha vijana mipira ya adhabu. Kufundisha ni kuonyesha, kwa hiyo nilipiga mimi. Nikapiga tena. Na tena. Wao walisimama wakitazama, na waliopata kivuli wakakaa. Caleb, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa, akaninong'oneza kwa adabu kwamba labda, yaya, na vijana nao waguse mpira kidogo kabla jua halijazama. Wivu huo!

Nikamruhusu Précieux, winga wetu, mtoto wa miaka kumi na tisa mwenye nywele alizozipaka manjano. Akapiga mmoja tu. Ukaingia pembeni juu kabisa, ambako kipa hafiki hata umpe ngazi. Wenzake wakashangilia kama fainali. Nikamweleza kwamba goli lilikuwa zuri lakini mguu wake ulikaa vibaya. Ukweli, sijawahi kuona mguu ukikaa vizuri vile. Imeniuma mpaka sasa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata wazo nikinyoa ndevu, nusura nijikate. Kambi!

Timu zote kubwa hufanya kambi kabla ya mechi, mise au vert kama tunavyosema hapa. Wachezaji wanatolewa mjini, wanalala pamoja, hawaoni bia, wala wachumba, wala wapelelezi. Na Nyuki wana wapelelezi. Jana nilimwona mtu juu ya ukuta wa uwanja wetu. Caleb anasema alikuwa anaanika shuka. Ndivyo hasa mpelelezi anavyofanya.

Hoteli klabu haiwezi. Lakini mimi nina shangazi! Shangazi Albertine, dada wa marehemu baba, alitoka Mitwaba zamani akajenga Kasungami, pembeni ya mji. Ana nyumba kubwa, na nyuma yake shamba usiloliona mwisho. Nikampigia simu. Akafurahi mpaka simu ikakwaruza. Akauliza vijana wangapi. Nikasema kumi na wanane. Akauliza kama wana nguvu. Nikasema ni matrekta. Akamshukuru Mungu na Bikira Maria, akasema mvua iko karibu, nimefikiria jambo hili wakati mzuri kabisa, na atachinja mbuzi.

Sikujua kwamba shangazi anapenda mpira kiasi hicho!

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumefika Kasungami. Mbuzi kachinjwa kweli! Bukari, ugali wetu, kama vichuguu, sombe ya majani ya muhogo, nyama ya kuchoma na nyama ya mchuzi. Vijana wanakula huku wanaimba jina la shangazi. Yeye anapita kati yao akiwabonyeza mabega, mmoja baada ya mwingine, anatabasamu. Nikamwambia Caleb aangalie upendo wa mama.

Caleb alikuwa anaangalia kitu kingine. Akaniuliza mbona majembe mengi hivyo yameegemezwa ukutani, mengine yanaonekana ya kuazima, na mbona idadi yake ni sawasawa na yetu. Nikamjibu kwamba diploma nyingi humfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo. Kisha nikaongeza mchuzi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ole wangu!

Shangazi aligonga sufuria kabla jogoo hajawika. Vijana wakatoka wakidhani ni chai. Ni majembe.

Nikamkimbilia kumweleza kwamba kesho tuna mechi. Akanitazama kama mtoto wa watu wengine. Akaniuliza kama nimesahau ya nyumbani. Kwao Mitwaba, mwezi wa kumi, kabla mvua haijanyesha, mpwa akimletea shangazi yake kundi la vijana, anamletea mikono ya kulima. Mwenye shamba anachinja. Anayekula amekubali. Baba alinieleza hayo mara nyingi, ila mimi masikio yalikuwa uwanjani.

« Mulikula mbuzi yangu, » shangazi akasema. « Sasa mutalima, ao munirudishie ye muzima. »

Ningekataaje? Ni kumwaibisha baba kaburini. Nikawageukia vijana, nikatangaza kwamba haya ni mazoezi ya kisasa ya nguvu, yanaitwa mbinu ya Albertine, na kule Ulaya wameshaanza. Précieux akauliza Ulaya ya wapi.

Tumelima matuta mpaka jua likakaa utosini. Mimi nilitaka kusimama pembeni, mikono imekunjwa. Shangazi akaniletea jembe, akasema mkubwa ndiye hutangulia. Mgongo wangu! Caleb alimaliza sehemu yake kabla yangu, na hilo liliniudhi kuliko firimbi zote mbili.

Jumapili, 12 Oktoba

Nianze mwanzo.

Uwanja umejaa, Kamalondo nzima imekuja na ngoma na tarumbeta. Suti yangu inameta. Vijana wangu wanaingia taratibu kama maharusi, kumbe ni viuno vinauma. Kipa ana malengelenge, hawezi kukunja vidole. Mpira ukimfikia anausukuma kwa viwiko. Mpaka mapumziko, Nyuki mbili, Radi sifuri. Maman Victorine, kwenye kiti chake cha plastiki, hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Caleb.

Mapumzikoni nikaanza hotuba kuhusu moyo. Caleb akanikatiza, na safari hii hakusema labda. Akawaambia vijana kwamba hawawezi kukimbia, basi wasikimbie. Mpira chini, pasi fupi fupi, wakimbie Nyuki. Jua litamaliza kazi.

Na ikawa! Nyuki wakahangaika kama kuku waliofunguliwa, wakaishiwa pumzi. Précieux akafunga. Précieux akafunga tena! Mbili mbili! Niliruka mpaka goti likalia. Halafu, mechi ikielekea kwisha, Précieux huyo huyo akaangushwa nje kidogo ya boksi, upande wa kushoto. Mpira wa adhabu. Pale pale pangu!

Sasa niseme siri. Leseni yangu ya uchezaji bado haijaisha. Asubuhi nilijiandikisha kimya kimya kati ya wachezaji wa akiba. Na chini ya suti nilikuwa nimevaa jezi na bukta.

Nikavua koti. Nikaomba mabadiliko: atoke Précieux, niingie mimi. Caleb akaning'ang'ania suruali. « Yaya, muache mutoto apige! » Nikajinasua, suruali ikabaki mikononi mwake. Uwanja ukalipuka. Wengine waliimba jina langu, wengine walimtaja mama yangu vibaya. Lakini ile sauti, Mungu wangu! Nilikuwa hai tena. Précieux akanipa mpira bila kuniangalia. Nikauweka, nikavuta pumzi, nikapiga.

Ukapita juu ya goli. Ukapita juu ya ukuta wa uwanja. Inasemekana ulitua kwenye baa ya jirani, juu ya meza, na mzee aliyekuwa akinywa hapo anadai bia nyingine. Firimbi ya mwisho ikalia.

Mbili mbili. Sikushindwa! Maman hakusema neno lolote kuhusu sare.

Jumatatu, 13 Oktoba

Maman amesema neno kuhusu sare. Kocha ni Caleb.

Alinikalisha kati ya vitenge vyake akazungumza polepole, kama na mgonjwa. Akasema mchezaji ni mtu anayeutaka mpira. Kocha ni mtu anayefurahi mwenzake akiupata. Akaniuliza: kama jana angepiga Précieux, akafunga, tukashinda, na timu ikawa yangu, ningefurahi? Nikahesabu mabunda ya vitenge. Nikatazama sakafu. Nikasema ndiyo. Maman akasema nimechelewa kujibu.

Machozi yakanitoka mbele yake, sikuona haya. Akanihurumia. Akasema ukocha unaanzia chini, akanipa timu ya watoto wetu, wale walio chini ya miaka kumi na miwili. Timu ni yangu! Nimemwelewa Maman neno kwa neno. Mahali pa kocha ni pembeni. Mpira ni wa watoto. Nimemwambia Deborah kwamba mumewe amekuwa mtu mpya, naye akasema ataamini akiona.

Jioni nimepita kuwatazama vijana wangu wadogo. Hodari! Uwanja mdogo, magoli madogo. Jumamosi tunacheza na watoto wa Katuba. Nimeulizia habari za kipa wao: ana miaka kumi, ananifika kiunoni, na mipira ya juu inamshinda. Nikampigia mwamuzi simu kumuuliza, kwa kutaka kujua tu, kama kuna sheria iliyoandikwa mahali popote inayomkataza kocha kupiga mpira wa adhabu.

Amekata simu. Hakusema hapana.