Prosesa Mbili na Muhuri Mmoja

Idara ya Vyeti vya Kuzaliwa inayo heshima kuutangazia umma kwamba kompyuta yake haijaharibika. Inashindwa kufanya kazi kwa sababu inafuata utaratibu, jambo ambalo watumishi wetu wenye nidhamu hulifanya kila siku bila kuitiwa fundi.

Nasema haya kama Mkurugenzi Mwenza. Idara ina wakurugenzi wawili, wenye cheo sawa, ofisi zinazotazamana na mazulia ya rangi moja. Ili asiwepo wa kumpita mwenzake, muhuri wa Idara hukaa kwangu na wino wake hukaa kwake. Anayetaka kugonga cheti hulazimika kumwomba mwenzake. Na kwa kuwa anayeomba huonekana mdogo, hakuna aliyewahi kuomba. Tumeishi kwa amani.

Kompyuta ilipoletwa, tulifurahi kusikia kwamba ina prosesa mbili, yaani bongo mbili zinazofanya kazi pamoja. Tukagawana moja moja. Kisha tukamwagiza injinia wa mitambo auingize utaratibu wetu wa muhuri na wino ndani ya kiini, ile sehemu ya mfumo endeshi inayoamua nani ashike nini na kwa wakati gani. Tulitaka hata umeme uwe na adabu. Injinia huyo ni binti wa dada yangu. Nilimwajiri kwa kuzingatia sifa, ambazo dada yangu alinieleza kwa kirefu.

Tangu hapo mashine ikawa inaganda. Skrini hujaa maandishi yanayoporomoka, kisha giza. Ikiwashwa upya huamka vizuri, hupokea ombi la kwanza, halafu huganda tena. Ombi la kwanza lilikuwa la mama mtu mzima ambaye foleni nzima ilimwita Bibi wa Mbele. Alitaka cheti cha mjukuu wake, ili mtoto aandikishwe shule kabla milango haijafungwa. Nilitoka mwenyewe hadi dirishani kumhakikishia kwamba suala lake linashughulikiwa.

"Hilo najua, baba," akasema, akimwonyesha mjukuu aliyesimama kando yake. "Mara ya kwanza huyu nilimleta mgongoni. Siku hizi ndiye anayenishika mkono kunivusha barabara."

Nikamshukuru kwa ushirikiano, nikaunda kamati.

Kamati tulikuwa sisi wakurugenzi wawili. Mwenzangu alishuku vumbi la upande wangu. Mimi nilishuku waya za upande wake. Tuliihamishia mashine kwenye meza yenye hadhi zaidi. Ikaganda. Tukaipa onyo la maandishi, likabandikwa ubavuni mwake. Ikaganda nalo. Hapo tukaona si vibaya kumsikiliza injinia, ambaye alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Mjomba," akaanza.

"Mheshimiwa Mkurugenzi."

"Mheshimiwa Mjomba, mashine ni nzima. Prosesa yako imeukamata muhuri, inasubiri wino. Ya mwenzako imeukamata wino, inasubiri muhuri. Hakuna anayeachia. Kiini kikichoka kusubiri, kinazima kila kitu."

Mwenzangu akauliza dawa yake.

"Mmoja awe anaomba kwanza. Nipeni ruhusa nipange nani."

Tulikataa kwa kauli moja, na kumbukumbu za Idara hazionyeshi kauli moja nyingine kabla ya hiyo. Injinia akanywa chai yake, akasema basi ipo njia nyingine ya kupima: prosesa moja izimwe, inayobaki ishike vyote viwili.

Hapo busara yangu ikahitajika. Mwenzangu alianza kuitetea yake, kwamba ina bidii. Mimi nilijua kwamba bidii ni ya walio chini; mkubwa hutambulikana kwa kupumzika. Nikapigania yangu ndiyo izimwe, nikashinda. Mwenzangu alitoka amenuna.

Mashine ikachapa kazi asubuhi nzima. Bibi wa Mbele alipokea cheti, akakigeuza huku na huku kutafuta kasoro, akaondoka na mjukuu wake kuelekea shuleni kabla hatujabadili mawazo. Foleni ikasogea. Watu wa nyuma, ambao hawakuzoea jambo hilo, walidhani kuna hatari wakaanza kutawanyika.

Nikamwandikia Katibu Mkuu taarifa. Nilieleza bila kuficha kwamba prosesa mbili zilifundishwa kufanya kazi kama tunavyofanya sisi wakurugenzi; kwamba iliyo chini yangu imezimwa, wala kazi haikupungua; na kwamba napendekeza hali hiyo iwe ya kudumu.

Jibu lilikuwa fupi: "Imeeleweka. Kilichoifaa mashine kitawafaa na walioifundisha. Mpangilio uwe ule ule."

Nilikwenda kwa injinia kuuliza kama prosesa yangu ingeweza kuwashwa tena, hata kwa majaribio.

"Inawezekana, Mjomba," akasema. "Ila watu wako kwenye foleni."

Niliona kwamba neno Mheshimiwa limeshazimwa.

Sikukata tamaa. Kanuni inasema mtumishi hawezi kustaafishwa bila kuwasilisha cheti cha kuzaliwa, na changu kilipotea zamani. Nikajipanga dirishani kwa utulivu, nikiwa na gazeti, chupa ya chai na kiti cha kukunja, tayari kuendelea kulitumikia taifa kwa miaka kadhaa.

Cheti kilitoka kabla sijakikunjua kiti.