Kutanua Magurudumu kwa Ajili ya Florida

Jumatatu, 27 Juni 2016

Nimeota tena. Florida yumo ndani ya gari langu, kiti cha mbele, dirisha wazi, kitambaa chake kinapepea, na anaimba ile sauti ya kwanza anayoongozea kwaya. Ananiimbia mimi tu. Leo ghalani Jeffersontown nimebandika lebo za Texas kwenye mizigo ya Ohio. Bosi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu ndiyo, sana.

Lakini sasa ndoto imepata njia! Jana baada ya ibada Mzee Ruhimbika, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alitangaza kwamba Kanyana anaolewa Columbus tarehe tisa mwezi ujao, na msafara utatoka hapa Louisville. Gari moja litambeba bibi harusi pamoja na msimamizi wake. Msimamizi ni nani? Florida! Gari litachaguliwa Jumapili ijayo, kanisani, mbele ya macho ya watu. Likichaguliwa langu, nitakuwa naye njia nzima. Njia nzima mwanamume anaweza kusema jambo.

Tatizo ni moja. Camry yangu ukiitazama kwa nyuma ni nyembamba. Magurudumu yamejikunyata ndani kama mtu aliyebana kwapa kwa baridi. Ile ya Zenoni, jirani yangu wa ghorofa ya juu, imetanua miguu kama beberu. Na jana nilimwona Florida akiitazama.

Jumatano, 29 Juni

Dawa ipo! Inaitwa spesa. Ni sahani nene ya chuma, unaiweka kati ya gurudumu na habu, kile kitovu linapofungwa, na gurudumu linasogea nje. Nimenunua mbili, za nyuma, kwa mtu anayeuza vipuri vilivyotumika. Zilitoka kwenye gari gani, sikuuliza. Matundu ya boliti yanaingia. Tundu la katikati linapwaya kidogo, lakini nani ataliona?

Zenoni amepita na mifuko ya soko, akasimama. Bila kuulizwa! Eti tundu la katikati sharti libane kwenye habu, la sivyo gurudumu litatetemeka. Eti nati lazima ishike nyuzi za kutosha za boliti, na zisipotosha nitafute spesa zenye boliti zake zenyewe. Eti tairi lisitokeze nje ya madigadi, polisi atanisimamisha. Eti niwapigie watu wa bima niwaambie, wasije wakanikana siku ya ajali. Eti nikaze kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, nitembee maili hamsini, nikaze tena. Nikamshukuru kwa heshima zote. Mwenye wivu ajinyonge! Ameona gari lake limepata mshindani.

Ijumaa, 1 Julai

Nimezifunga. Nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja. Bado! Magurudumu yametoka kidogo tu, kama mtoto anayechungulia wageni mlangoni. Nikakaa kwenye ngazi, nikawaza, na mawazo yakanirudisha Mtabila, kambi ya wakimbizi. Kule nilikuwa fundi wa baiskeli, tena si wa kubahatisha. Gurudumu la baiskeli likikaa upande, unaongeza washa, vile vipete bapa vya chuma, kwenye ekseli mpaka likae unapotaka. Nilifunga washa kambi nzima, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Wengine sikuwaona tena kabisa.

Baiskeli ina magurudumu, gari lina magurudumu. Nimeweka washa nyuma ya spesa, kwenye kila boliti. Nati sasa inashika nyuzi chache, lakini inashika. Nimekaza mpaka mgongo ukalia. Spana ya kupimia ya nini? Mkono wangu umekuwa ukipima tangu utotoni.

Nikarudi nyuma tena. Loo! Gari limenenepa. Tairi limepita madigadi, linatazama dunia. Nikaingia ndani, nikakaa bila kuliwasha. Jua la jioni lilikuwa linateremka, mtaa mzima umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikakiuliza kile kiti kitupu, kiti cha Florida, kama upepo unamsumbua. Nikampandishia kioo.

Jumapili, 3 Julai

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Ibada imekwisha, watu wote wako nje. Mzee Ruhimbika akalizunguka gari langu, mikono mgongoni. Akasema, kwa Kifaransa chake cha kuchanganya, bon, gari hii iko na kifua, donc tuijaribu. Akamwomba Florida aingie aone kama gauni la bibi harusi litaenea. Florida akaingia. Kiti cha mbele! Nikaondoka polepole kama mtu aliyebeba mayai, tukazunguka uwanja wa kuegeshea magari. Nikasikia tak, tak, tak. Nikadhani ni moyo wangu. Florida akauliza ni nini hicho. Nikamjibu gari linafurahi.

Ndipo gurudumu likanipita. Langu mwenyewe! Liko pale nje ya dirisha langu, linatembea peke yake juani, halina haraka, halina mtu wa kulisumbua. Kwa kitambo kidogo niliona ni jambo zuri. Kisha nyuma ya gari ikadondoka, chuma kikakwaruza lami, na gurudumu likawapita akina mama, likawapita wazee wa kanisa waliokuwa wakirukaruka kama vijana, likaegemea ukuta na kutulia.

Hakuna aliyeumia. Florida alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, macho ameyafumba, anamwita Yesu kwa sauti ya kwanza. Ingekuwa barabara kuu je? Mungu wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kamati imechagua gari la Zenoni.

Jumanne, 5 Julai

Zenoni amekuja na jeki, boliti mpya na spana yake ya kupimia. Hakucheka. Hilo limeniuma kuliko kama angecheka. Akang'oa boliti zilizoharibika, akarudisha magurudumu kama yalivyotoka kiwandani, akakaza nati zinazotazamana mojamoja mpaka spana ikalia tik. Spesa na washa zangu akazitupa jalalani. Akasema nikitaka spesa kweli nimwambie, tutapima habu kwanza, tununue zinazokaa na zisizozidi madigadi. Nikasema asante, ndugu yangu. Bado naona kuna kitu anakitafuta.

Jumamosi, 9 Julai

Columbus. Naandika nikiwa garini, nje ya ukumbi, karibu na chuo kikuu. Muziki unanifikia hadi huku. Sitaki kuingia bado, nisije nikaamka.

Gari langu lilikuwa la mwisho kwenye msafara. Abiria wangu: sufuria za wali, ngoma, na Bibi Nyirabeza, bibi yake Kanyana, aliyelala kabla hatujatoka Louisville. Tulipovuka mto pale Cincinnati tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Florida akashuka kwenye gari la Zenoni, rangi imemtoka, akaja moja kwa moja kwangu. Akasema Zenoni anakimbiza mno, na gari lake ni gumu, linarukaruka, kichefuchefu kimemshika. Mdogo wake Kanyana atakaa na bibi harusi. Akaniuliza kama sitajali apande kwangu. Kama sitajali!

Mahindi ya Ohio yakapita huku na huku, kijani kisicho na mwisho, mawingu yamesimama juu yake. Florida akaegemeza kichwa dirishani akalala. Lile jambo sikulisema. Hata kupumua nilipumua kidogo. Nilitaka mtu aisogeze Columbus mbele, na mbele zaidi.

Alipoamka akaniambia kitu. Tangu kabla ya tangazo alikuwa ameshamwomba Mzee Ruhimbika gari langu. Kwa sababu ni tulivu, halipigi kelele, na mimi huendesha kama mtu mwenye akili. Ule ukaguzi wa Jumapili ulikuwa wa kuwaridhisha watu tu. Ningelileta kama lilivyokuwa, safari yote ingekuwa yetu. Machozi yakanilenga. Nikatazama barabara.

Kisha akasema mwezi wa nane anataka kwenda Buffalo kumwona dada yake Spés, kule Black Rock. Safari ni ndefu, angependa nimpeleke mimi. Ila ana ombi moja. Akaweka mkono juu ya dashibodi, akasema Liberati, nakuomba, gari hili usiliguse tena. Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Jumatatu, 11 Julai

Nimeyatafakari maneno yake mchana kutwa, bosi ameniuliza tena kama ninaumwa. Mwanamke anayekuomba usiguse gari lako ameshalipenda. Na ukipenda boga, penda na ua lake. Kilichobaki ni kumalizia.

Naiona Buffalo. Spés ametoka barazani, majirani wamejaa madirishani, Florida yuko kando yangu. Na sisi tunaingia kimya kimya kama wezi wa kuku? Hapana! Florida mwenyewe alisema gari langu halipigi kelele. Maskini, kwa upole wake hakutaka kulalamika waziwazi.

Nimeagiza bomba la moshi, pana, la magari ya mashindano. Zenoni akaniona nikilichagua kwenye simu, akaanza, eti kelele kupita kiasi nazo zina sheria yake. Wivu! Kiapo changu kiko palepale, gari sitaligusa. Bomba linafungwa chini ya gari. Litafika Alhamisi. Florida sitamwambia, nataka alisikie mwenyewe kuanzia mwisho wa mtaa.