Neno la Herufi Kumi na Tisa

Rodney aligundua siku moja kwamba watu wenye kazi nzuri huogopa maneno kuliko wanavyomwogopa polisi wa barabarani. Alikuwa kwenye baa moja ya Remera, Kigali, karibu na uwanja wa Amahoro, amenunua soda moja na kuinywa saa mbili nzima. Kwenye meza ya jirani bwana mmoja aliyevaa kitambulisho cha ofisi shingoni, na ilikuwa Jumamosi, alisema, “Tatizo ni stakeholderization.” Wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni, kama watu waliofiwa. Hata mmoja hakuuliza maana.

Rodney akaiweka soda chini. Alikulia Kampala, na Kiingereza chake kiliteleza kama sabuni ya mche. Shule aliiacha kidato cha pili, ingawa yeye husema shule ndiyo iliyomwacha. Akasogeza kiti.

“Mabosi, naona hapa iko watu wa akili. Tucheze kidogo?”

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Gari la kwanza kupita, mnachukua herufi za namba yake. Kila mtu anatafuta neno la Kiingereza lenye herufi zote hizo, na mwenye neno refu zaidi anachukua alichoweka mwenzake mezani.

“Na kama mtu anadanganya?” aliuliza Frederick, yule wa kitambulisho.

“Unakana neno. Unafungua kamusi kwenye simu, mbele ya watu wote. Neno ikikosekana, mwongo anapoteza. Lakini ikipatikana,” Rodney akashusha sauti kama padri wakati wa mazishi, “mwenye kukana anatoa kila kitu alichoshinda na alichovaa, isipokuwa shati, suruali na soksi. Heshima lazima ibaki.”

Likapita gari la RAD 204 K. Frederick akafikiri mpaka jasho likamtoka.

“Backwardness! Herufi kumi na mbili!”

“Nzuri sana, boss,” alisema Rodney kwa upole. “Mimi nina karadomentality. Kumi na tano.”

Neno hilo lilikuwa na umri wa sekunde nne. Rodney akamtazama Frederick machoni, akangoja.

“Ah, karadomentality,” alisema Frederick, akivua koti lake taratibu. “Tuliitumia sana kwenye semina ya Musanze.”

Ntare, dalali wa viwanja aliyekuwa kando yake, akaongeza kwamba hata kwenye ardhi iko, tena nyingi.

Jumamosi ya tatu Rodney alikuwa amelivaa koti la Frederick, saa ya Ntare ikimeta mkononi, na miguuni viatu vya ngozi vya mhasibu mmoja aliyeamini kwamba *transparkulation* ni aina ya kodi. Simu mpya mbili zilimlalia mfukoni. Hakuna aliyewahi kukana neno. Kukana ni kukiri kwamba hujui, na pale mezani palikuwa na shahada sita.

Alasiri hiyo mama mmoja aliingia na furushi la vitenge alivyomletea mwenye baa. Aliitwa Béatha. Alilelewa Bujumbura, akafanya biashara yake katika mtaa wa Gitega wa hapo Kigali, na Kiingereza chake kilijulikana kwa uchache. Alisimama nyuma ya viti, akatazama michezo miwili, halafu akatua furushi mezani.

“Mwanangu, na mimi naweza kucheza? Naweka hizi vitenge zote.”

Watu wakacheka. Rodney hakucheka. Alihesabu vitenge kwa macho, vyote vya nta, vyote vizito.

“Karibu sana, mama. Mimi naweka koti.”

Likapita gari la RAH 518 Y.

“Hydramentation,” alisema Rodney bila kupumua. “Kumi na nne. Ni serikali kugawa maji kwa mkutano.”

“Kweli kabisa,” alisema Frederick.

Béatha akafunga macho, midomo ikicheza kama anayesali. Halafu akasema polepole, “Otolhinoraryngorogy.”

Moyo wa Rodney ulijaa furaha ya kweli. Kumbe huyu mama ni mwizi mwenzake! Hata neno lake lilijikwaa lenyewe likitoka. Kwa dakika moja alimpenda kama ndugu. Kisha akatazama vile vitenge, na udugu ukaisha.

“Mama, iandike.”

Béatha akaandika nyuma ya karatasi ya bili, herufi moja moja, kwa mwandiko wa duara. Kumi na tisa.

“Nakana!” Rodney akapiga meza. “Frederick, fungua simu!”

Frederick akaandika herufi alizoziona kwenye karatasi. Akasoma. Akasoma tena.

“Otorhinolaryngology,” alisema. “Iko. Ni udaktari wa masikio, pua na koo.”

“Yewe!” alisema Ntare. “Ndiyo ile ORL ya Kifaransa!”

Kidole cha Frederick kilibaki juu ya kioo. Kilionekana kina hamu ya kuandika neno jingine, labda karadomentality. Akaifikiria ile semina ya Musanze, akaizima simu haraka kuliko alivyoiwasha.

Rodney akavua koti. Akavua saa. Viatu vilitoka kwa shida, kwani vilikuwa vimeanza kumzoea. Béatha alivifunga vyote ndani ya kitenge kimoja, pamoja na simu, bila kumtazama aliyekuwa mwenye mali. Frederick aliangalia koti lake likiondoka mara ya pili. Kulidai kungehitaji maelezo.

Rodney alimfuata mpaka barabarani, soksi zikichafuka.

“Mama, wewe neno hiyo umesoma wapi?”

“Kwa mlango ya hospitali. Mtoto wangu aliugua sikio miezi saba. Nilikaa kwa benchi chini ya hiyo neno, hakuna kingine ya kusoma. Nikaikariri.” Akamtazama kwa makini. “Lakini wewe zako ulizitoa kichwani tu, eeh? Nilikuwa naogopa. Kama ungetoa moja refu kuliko yangu, mimi singeweza kukana. Sijui Kiingereza.”

Rodney akazitazama soksi zake.

“Nisaidie nauli ya pikipiki basi, mama. Naishi Kagarama.”

“Nakusaidia. Sema kwanza ile neno, vizuri, mara moja.”

Rodney akajiweka sawa, akakohoa. “Otorino… otolari… otorhinora…”

Béatha alikuwa ameshapanda pikipiki, furushi mapajani. Dereva akamkabidhi kofia ngumu, akageuka kumwangalia yule kijana wa soksi aliyekuwa akiongea peke yake.

“Huyu ni nani, mama?”

“Mgonjwa wa koo,” alisema Béatha. “Twende.”