Kiti cha Dereva cha Adinani

Taarifa ya habari ilionyesha teksi za ng'ambo zikikata mitaa bila dereva, usukani ukijizungusha wenyewe, na kijiwe kizima cha kahawa pale Tabora mjini kikaacha kunywa. Mmoja akasema ni majini. Mwingine akasema madereva wote sasa warudi shamba wakalime tumbaku. Adinani, mtu ambaye hajawahi kuona jambo jipya asione na mfuko wa mwenzake nyuma yake, alikitazama kile kiti kitupu mpaka kahawa yake ikapoa.

Wiki haikuisha. Noah ya mkewe, Hafsa, ikapata vioo vyeusi, taa za rangi juu ya paa, na kiti cha dereva kilichong'olewa sponji yote. Ndani ya kava la kiti hicho akaingizwa Kulwa, jamaa mwembamba wa Goweko aliyeoa juzijuzi, akiwa na matundu mawili ya macho na nafasi ya kushikia usukani kwa chini. Hafsa aliambiwa gari linakwenda gereji.

"Ijumaa nisipoliona hapa mlangoni," alisema Hafsa, "na wewe usionekane."

Adinani alicheka, lakini si sana, maana mkewe hakuwa na mchezo na Noah yake.

Mteja alikuwa Mzee Wilbroad, tajiri wa asali wa Ntalikwa, aliyefukuza kila dereva aliyemwajiri kwa sababu wote walikuwa na tabia mbaya ya kula mchana. Mpango ulikuwa mtamu: mzee atoe madumu ya asali, akabidhiwe gari, kisha akijilaza baada ya chakula, Kulwa alirudishe polepole kwa Hafsa. Gari lisilo na dereva likiondoka lenyewe, utamshitaki nani? Kulwa hakuambiwa jina la mteja. Adinani aliiita siri ya biashara.

Alhamisi, uwanja wa mpira wa Ntalikwa ulijaa watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linakula nini hili?"

"Mafuta tu, mzee wangu! Haligusi ugali, haliugui, halina shangazi anayefariki kila mwisho wa mwezi. Na abiria atamlilia nani shida? Gari halina dereva wa kuombwa!"

Mzee Wilbroad akameza mate. Tayari alishawaona watalii wakipanga foleni kwenda Kwihara kutazama tembe, ile nyumba ya kale ya udongo. Noah ikazunguka uwanja peke yake, vigelegele vikapigwa, bibi mmoja akajifunika kanga usoni. Adinani akatangaza mbele ya watu wote kwamba gari sasa ni la mzee, na madumu yakashushwa.

"Ngojeni," akasema Bi Tekla, mke wa Wilbroad. "Na mimi nionje."

Akapanda mbele, akaegemeza kiwiko kwenye kiti cha dereva.

Sasa, kwetu huku mwanamume hakai ubavu kwa ubavu na mama mkwe wake. Akikutana naye njiani anaingia porini, miiba impate itakavyo. Na Bi Tekla ndiye aliyemzaa Agnetha, mke wa Kulwa.

Gari halikuondoka. Adinani akapiga makofi. "Nenda!"

Kiti kikatetemeka.

"Linatafuta njia," Adinani akaeleza.

"Linatoka jasho," akajibu Bi Tekla, akitazama kiwiko chake.

Akakifinya kiti. Mlango ukafunguka kwa kishindo, na kiti cha dereva kikashuka kwa miguu yake chenyewe, ndala moja nyekundu na nyingine bluu, kikatimua mbio hadi kwenye mahindi. Kilipoona kimefika mbali kwa heshima inayotosha, kikapiga magoti na kugeukia pembeni.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mkwe wangu," akaitikia Bi Tekla, naye akigeuza uso kama inavyotakiwa. "Agnetha hajambo?"

Adinani alikuwa ameshaanza kunyata. Bi Tekla alimdaka kola.

"Umesema mbele ya watu wote gari ni la mzee. Chukua asali yako, au twende polisi ukawaelezee kiti."

Adinani akachukua asali. Njiani alijipa moyo: asali ya Tabora ni dhahabu, atapata Noah mbili! Alipofungua dumu akalamba, ilikuwa sukari iliyochemshwa, na asali kidogo juu yake ya kulaghai ulimi. Madumu yote hivyohivyo. Mzee Wilbroad hakuanza biashara jana. Adinani akakaa chini, akalia kweli, mchana kweupe.

Kesho yake, Ijumaa, Noah ikatokea barabarani imejaa abiria. Bi Tekla alikaa mbele kwa raha zake, maana alishaamua kwamba Kulwa akiwa ndani ya kava si mkwe, ni kiti. Na Mzee Wilbroad angemfukuzaje mume wa bintiye? Sasa alikuwa na dereva anayekula mchana, nyumbani kwake, na kuongezewa.

Adinani akalisimamisha gari, akaegemea dirishani.

"Kulwa, ndugu yangu, nakuomba! Nifikishe tu mlangoni, Hafsa alione mara moja, halafu urudi nalo!"

Kiti kikatazama mbele. Bi Tekla akamtazama Adinani kwa huruma nyingi, akaanza kupandisha kioo.

"Unamwomba nani, baba? Gari halina dereva."