Mwalimu Agombea Kiti cha Bunge la Jimbo

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Nagombea ubunge wa jimbo. Miaka ishirini na miwili nafundisha jiografia. Nusu ya wapiga kura wa hapa wamepita mikononi mwangu. Mama watoto akauliza wamepita mikononi au chini ya fimbo. Mpinzani wangu ni mama mpishi wa shule yetu. Yaani mimi nishindane na sufuria.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanzia kwa kinyozi, mwanafunzi wangu wa zamani. Amenikumbuka vizuri mno. Wembe uko shingoni mwangu, yeye anawasimulia wateja nilivyomwambia darasani kuwa kichwa chake ni cha kufugia nywele tu. Nikasema basi ni mimi niliyemwonyesha riziki. Akaninyoa upande mmoja, akasema upande wa pili atamalizia siku ya kura. Shukrani ya punda ni mateke.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutano wa hadhara, uwanja wa shule. Mama mpishi kasema dakika tatu: bomba la soko limekauka, atalifuatilia. Makofi. Mimi nimekuja na ramani. Saa nzima nimeeleza maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanakwama wapi. Fundi baiskeli akauliza yatafika lini. Nikamwambia anyooshe mkono kwanza. Akaondoka, na mabenchi mawili nyuma yake. Dada yangu alibaki. Alikuwa amesinzia.

Jumapili, 16 Machi
Matokeo ya kituo chetu: mama mpishi mia nane na kumi na mbili, mimi kumi na tisa. Ukoo wetu peke yake una wapiga kura thelathini. Nimemuuliza dada yangu waziwazi. Akasema kura ni siri. Mtu niliyemfundisha mwenyewe kusoma majina kwenye karatasi ile, leo ananifundisha siri.

Jumanne, 18 Machi
Mama mpishi kaja nyumbani. Nikajiandaa kusimangwa. Akasema: “Mwalimu, ile ramani yako ilinifungua macho. Soko linahitaji katibu wa kamati ya maji. Hakuna anayejua mabomba kama wewe.” Nikasema nitafikiria. Mama watoto akanijibia kwamba nimekubali.

Alhamisi, 27 Machi
Kikao cha kwanza cha kamati. Wauza mboga watatu wamechelewa. Nimewasimamisha nje ya mlango. Wawili walinong'ona, nimewatenganisha. Mwenyekiti alitaka kusema jambo kuhusu bomba, nikamwambia asubiri wenzake watulie. Wametulia kweli, kwa sababu mmoja mmoja walitoka, na mwenyekiti akawafuata. Maazimio yote nimeyapitisha. Hakuna aliyepinga hata moja.

Watu hawa wamekosa kiongozi kwa muda mrefu. Uchaguzi ujao nagombea ugavana.